Aliyefika Mahakamani Ndiye Aliyeileta Sheria

Chukua sheria zote zilizowahi kupitishwa na Bunge la Uingereza, uzipekue moja baada ya nyingine ukitafuta kifungu kinachosema kwamba kuua kwa kukusudia ni kosa. Kwa England na Wales hutakipata. Utakuta sheria ya mwaka 1957 iliyogusa utetezi wa mshitakiwa wa mauaji, na ya mwaka 1965 iliyofuta adhabu ya kifo na kuweka kifungo cha maisha. Lakini kosa lenyewe, maana yake na yale ambayo mwendesha mashtaka anapaswa kuyathibitisha, halikuandikwa na Bunge. Limejengwa na majaji, hukumu juu ya hukumu, kwa karne nyingi. Kosa zito kuliko mengi linaishi ndani ya majalada ya kesi.

Naanza na mfano huu kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba Bunge hutunga sheria, serikali huitekeleza na mahakama huitafsiri. Mafunzo hayo yanatosha kwa kuanzia tu. Katika mfumo wa sheria ya kawaida, ambao mawakili wengi huuita komon loo, sehemu kubwa ya sheria inayogusa maisha ya watu haikuwahi kupigiwa kura na mbunge yeyote. Mikataba, fidia kwa uzembe, kashfa, dhamana, wajibu wa mwajiri kwa mfanyakazi: misingi ya haya yote ilianza kama ugomvi wa watu wawili mbele ya jaji.

Vitabu vya sheria hujibu swali la chimbuko kwa orodha: katiba pale ilipoandikwa, sheria za Bunge, kanuni na sheria ndogo, maamuzi ya mahakama za juu, misingi ya usawa, mila. Orodha ni sahihi. Upungufu wake ni kwamba inaonyesha mahali sheria inapokutwa ikiwa imeshazaliwa, na inamwacha nje yule aliyeipeleka pale. Jaji hawezi kuamka asubuhi akatoa hukumu juu ya jambo linalomkera. Atangoja mtu aje na shauri, tena mtu mwenye subira na ujasiri wa kukata rufaa mpaka ngazi ya juu. Mtu huyo ni mdaawa, nami namhesabu kuwa chimbuko la sheria kama vilivyo vyanzo vingine vya kwenye orodha. Bila kumwona yeye, hatutaelewa kwa nini sheria hii ina kina mahali fulani na ina mashimo mahali pengine.

Historia yenyewe inamwonyesha. Mfalme Henry II, aliyetawala England kuanzia 1154 hadi 1189, alituma majaji wake wazunguke nchi wakisikiliza mashauri. Kabla ya hapo kila eneo lilikuwa na mila zake na mabaraza yake. Majaji wale walirudi Westminster, makao ya mahakama za mfalme, na waliyoyasikia, wakayalinganisha, na taratibu misingi ikawa ya nchi nzima. Neno "kawaida" tulilonalo kwenye tafsiri linaficha jambo hapa. Maana ya asili ni sheria ya wote, sheria ya pamoja, tofauti na mila ya kijiji hiki au kile.

Ila ya wote haikumaanisha kwamba kila mtu aliifikia. Kufungua shauri kwenye mahakama ya mfalme kulihitaji hati maalumu iliyotolewa na ofisi ya Chansela, afisa mkuu wa mfalme aliyetunza muhuri wake, na kila aina ya malalamiko ilikuwa na hati yake. Malalamiko yasiyolingana na hati yoyote hayakuwa kesi. Mwaka 1258 mabwana wakubwa wa nchi walimbana Chansela asitoe hati mpya bila idhini ya mfalme na baraza lake, na mlango ukazidi kuwa mwembamba. Waliofungiwa nje walifanya nini? Walimwandikia mfalme, wakaomba haki kwa jina la dhamiri. Mfalme akayasukuma maombi yao kwa Chansela, Chansela akaanza kuyaamua, na maamuzi hayo yakawa mfumo wa pili kamili wenye mahakama yake. Hiyo ndiyo misingi ya usawa: udhamini wa mali, amri ya kuzuia kitendo kabla hakijaleta madhara, amri ya kumlazimisha mtu atimize mkataba badala ya kulipa fidia tu. Mifumo hiyo miwili ilivutana hadi sheria za 1873 na 1875 zilipoiunganisha chini ya mahakama moja. Nusu ya hazina ya sheria hii, kwa hiyo, imetokana na watu walioambiwa hawana kesi.

Kwa muda mrefu majaji walikana kwamba wanatunga chochote. William Blackstone, msomi wa sheria wa Kiingereza aliyeandika kati ya 1765 na 1769, alishikilia kwamba jaji anaitangaza tu sheria iliyokuwapo tangu zamani. Hukumu mbaya kwake haikuwa sheria mbaya, bali haikuwahi kuwa sheria. Nadharia hiyo inavutia kwa sababu inamvua jaji lawama. Lakini msomaji yeyote wa hukumu zenyewe atapata shida kuiamini, na hakuna hukumu inayoisumbua zaidi kuliko ile ya konokono.

Tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue alikuwa kwenye mgahawa mjini Paisley, Uskoti. Rafiki yake alimnunulia aiskrimu na kinywaji cha tangawizi kilichokuwa ndani ya chupa nyeusi isiyopitisha mwanga. Sehemu ya kinywaji ikamiminwa juu ya aiskrimu, akala. Rafiki alipomimina kilichobaki, kwa maelezo ya Donoghue, kikatoka kiwiliwili cha konokono aliyekwisha kuoza. Donoghue aliugua tumbo na kupata mshtuko.

Amshitaki nani? Mwenye mgahawa hakuwa na mkataba naye, maana aliyenunua ni rafiki. Mtengenezaji wa kinywaji hakuwa na mkataba na yeyote kati yao. Sheria ya wakati huo, isipokuwa kwa bidhaa zilizo hatari kwa asili yake na hali chache nyingine, ilimwambia mlaji asiye na mkataba kwamba hana la kudai. Wakili wake, Walter Leechman, aliijua sheria hiyo kwa machungu. Muda mfupi kabla, alikuwa amesimamia madai yanayofanana, safari hiyo ya panya ndani ya chupa, akashindwa. Alifungua shauri la Donoghue wiki chache tu baada ya kushindwa huko.

Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati ule. Ili asitozwe gharama ambazo asingeweza kuzibeba, Donoghue aliomba aruhusiwe kuendelea kama fukara, akaapa kwamba mali yake yote duniani haifiki pauni 5. Ombi likakubaliwa. Tarehe 26 Mei 1932, kwa kura tatu dhidi ya mbili, alishinda hoja ya sheria. Lodi Atkin, mmoja wa majaji hao, aliuliza swali ambalo kila aliyesikia habari ya Msamaria mwema analifahamu, jirani yangu ni nani, akalijibu kisheria: ni yule ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Kutoka hapo ndipo sheria ya kisasa ya uzembe imechipua, kuanzia kwa daktari na dereva hadi kwa mkaguzi wa hesabu.

Hebu tutazame jinsi uamuzi huo ulivyopatikana. Kura moja ingeegemea upande wa pili, mtengenezaji angeendelea kuwa salama kwa miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu. Leechman angekata tamaa baada ya panya, kesi isingefunguliwa. Tena hoja ilipelekwa juu kama swali la sheria tupu kabla ya ushahidi kusikilizwa: tukichukulia kwamba konokono alikuwamo, je, mtengenezaji anawajibika? Baadaye mwenye kiwanda alifariki na madai yakamalizwa kwa mapatano. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwamo kwenye ile chupa. Msingi mkubwa namna hii wa sheria umesimama juu ya jambo lililodhaniwa tu.

Baada ya hapo kazi ikahamia kwa majaji waliofuata. Kinachofunga katika hukumu ni ile sababu ya msingi ambayo bila hiyo uamuzi usingefikiwa. Maneno mengine ya jaji, hata yawe matamu, huongoza tu. Na mahakama ya chini inafungwa na ya juu yake. Sasa, sababu ya msingi ya kesi ya Donoghue ni ipi? Ni kinywaji kwenye chupa isiyoonyesha ndani? Ni chakula? Ni bidhaa yoyote? Mwaka 1935 swali lilikuja kutoka Australia kupitia kwa daktari mmoja aliyevaa nguo za ndani za sufu zilizobakiwa na kemikali ya kiwandani, ngozi ikamharibika vibaya. Mawakili wa kiwanda walisema nguo si chupa, haikufungwa, ingeweza kufuliwa kabla ya kuvaliwa. Baraza la Faragha mjini London, lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka nchi za dola ya Uingereza, likakataa tofauti hiyo. Kasoro isiyoonekana ni ileile, iwe kwenye chupa au kwenye uzi. Hivyo ndivyo sheria hii inavyotembea, kwa kuulizwa kama jambo la leo linafanana na la jana, na kila jibu la "ndiyo" linasogeza mpaka.

Mfumo ulisafiri na dola ya Uingereza. Kwingi uliingizwa kama ulivyokuwa tarehe fulani: Kenya ilipokea sheria ya kawaida na misingi ya usawa kama ilivyokuwa Agosti 12, 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Kilichoamuliwa London baadaye kinashawishi, hakifungi. Ila pamoja na hazina hiyo yalisafiri pia makosa yake, na kosa moja linahitaji kutazamwa kwa karibu.

Australia, kwa zaidi ya karne nzima, iliendesha sheria ya ardhi kana kwamba Waingereza walipofika hapakuwa na mwenye haki yoyote juu ya ardhi ile. Mei 1982, Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kwenye mlangobahari wa Torres, walifungua shauri dhidi ya jimbo la Queensland. Walisema mashamba yao yana wenyewe, yana mipaka, yanarithishwa kwa mila, na ujio wa taji la Uingereza haukuyafuta hayo. Jimbo likatunga sheria ya kuzima madai yao kabla hayajasikilizwa. Wakalazimika kwanza kuipinga hiyo, wakashinda mwaka 1988. Hukumu ya mwisho ilitoka Juni 3, 1992: Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kabisa nchini humo, ikakubali kwamba haki za ardhi za wenyeji zilikuwapo na kwamba sheria ya kawaida inazitambua. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuziwekea utaratibu. Mabo hakuiona siku hiyo. Alifariki Januari 1992, baada ya karibu miaka kumi ya kesi.

Nikisoma habari yake sioni jaji aliyeketi akatafakari haki. Naona mtu aliyelima, akafanya kazi za mikono, akajisomea, akabeba mzigo ambao kwa haki ulikuwa wa Bunge. Na najiuliza ni madai mangapi mengine ya aina hiyo hayakupata mtu wa kuyabeba.

Hapa ndipo hoja yangu inapouma. Kama sheria hutokana na waliofika mahakamani, basi hali ya sheria inategemea nani ana uwezo wa kufika. Mwaka 1974 msomi wa Marekani Marc Galanter alieleza jambo hili kwa uwazi ambao bado haujapitwa. Alitenganisha wadaawa wa mara moja na wadaawa wa kila siku. Mtu aliyeumia na bidhaa anakwenda mahakamani mara moja maishani. Anataka pesa ya matibabu, na akipewa kiasi cha kuridhisha atachukua. Kampuni ya bima iko mahakamani kila wiki. Haijali sana kesi moja, inajali kanuni itakayotoka. Kwa hiyo kesi inayoelekea kuizalishia kanuni mbaya inaimaliza kwa mapatano, wakati mwingine kwa sharti la kutosema, na kesi yenye sura nzuri kwake inaipeleka hadi rufaa ya mwisho. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini baada ya miaka thelathini, vitabu vya maamuzi vitakuwa vimeegemea upande mmoja, na jaji mwaminifu kabisa atakuwa anafuata njia iliyochongwa na wenye fedha.

Lawama ya pili ni ya zamani zaidi. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, karibu mwaka 1792 alisema majaji hutunga sheria kama mtu anavyomfundisha mbwa wake: anangoja afanye kosa, kisha anampiga. Mbwa hakuambiwa kabla. Bentham alikuwa na hoja. Bunge linaweza kutangaza kwamba kuanzia mwezi ujao jambo fulani ni marufuku. Hukumu huja baada ya tendo, na aliyetenda ndiye wa kwanza kubanwa nayo.

Mtihani mgumu wa hoja hiyo ulifika mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, sheria ya England ilishikilia kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mke wake. Ilitoka wapi? Haikutoka Bungeni, wala kwenye kesi yenye uzito. Ilitoka kwenye sentensi ya jaji Matthew Hale, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1736, miaka sitini baada ya kifo chake. Majaji waliisoma, wakairudia, ikawa sheria. Oktoba 1991 Baraza la Malodi, bila hata sauti moja ya kupinga, lilisema kanuni hiyo haina nafasi tena. Mume aliyeshitakiwa katika kesi hiyo alilalamika kwamba siku alipotenda kanuni ilikuwa bado inamkinga. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikamkatalia mwaka 1995, ikisema mwelekeo wa sheria ulishaonekana na mtu angeweza kuutabiri.

Nakubaliana na matokeo hayo kwa moyo wote. Lakini sitaki kujifanya kwamba bei yake ni ndogo. Mlango uleule unaomruhusu jaji kuondoa kinga ovu unaweza kumruhusu kubuni kosa jipya, na majaji walishafanya hivyo: mwaka 1961 Malodi walithibitisha hatia ya mtu kwa kula njama ya kuharibu maadili ya umma, kosa ambalo wengi hawakujua kama lipo. Mwaka 1972 wao wenyewe wakatamka kwamba mahakama hazina tena mamlaka ya kuunda makosa mapya ya jinai. Mpaka huo ni sahihi. Katika madai ya fidia jaji akikosea, mtu anapoteza fedha. Katika jinai anapoteza uhuru, na hilo linahitaji kura za waliochaguliwa.

Bunge basi lina nafasi gani? Lina neno la mwisho, angalau pale ambapo katiba haiko juu yake. Ila hata neno hilo hupita mikononi mwa jaji kabla halijamfikia mtu. Mwaka 1959 sheria ya Uingereza ilikataza kuuza au "kutoa kwa mauzo" visu vinavyofyatuka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo polisi mjini Bristol alikiona kimoja dirishani mwa duka, kikiwa na kibandiko cha bei, shilingi nne za Kiingereza. Mwenye duka akashitakiwa. Mahakama ikamwachia. Kwa sheria ya mikataba iliyokwisha kujengwa na majaji wenyewe, kitu kilichopangwa dirishani ni mwaliko tu kwa mteja, na anayetoa pendekezo la kununua ni mteja. Jaji Mkuu Parker alikiri kwamba mtu wa kawaida ataona hilo ni upuuzi, lakini akakataa kujaza pengo ambalo Bunge liliacha. Mwaka 1961 Bunge likarekebisha, likaongeza neno la kuonyesha bidhaa kwa nia ya kuiuza.

Wapo wanaoicheka hukumu hiyo. Mimi naona ilifanya jambo la maana: Bunge lilionyeshwa pengo lake waziwazi na likalijaza. Kinachonisikitisha ni pale Bunge linapoonyeshwa pengo kisha linanyamaza, likijua atakuja mdaawa mwingine miaka kumi baadaye. Wakati huohuo kanuni za mawaziri zinamiminika kwa wingi unaozidi mbali sheria zenyewe, nyingi bila mjadala wa maana. Kasi ipo, na inatumika kwa yale ambayo serikali inayataka.

Kwa hiyo nikiulizwa sheria itoke wapi, najibu kwanza kwa swali la nani anaruhusiwa kuileta. Ada za rufaa ziwe ndogo kiasi cha kutomtisha mtu. Msaada wa kisheria usiishie kwenye mashtaka ya jinai. Hukumu zote za mahakama za juu zipatikane bure, zikiwa na muhtasari wa lugha anayoisoma mwananchi, maana haiwezekani kumfunga mtu kwa maandishi asiyoweza kuyafikia. Na pale wahusika wanapopatana wakati hoja ni ya umma mzima, mahakama iwe na uwezo wa kuendelea kuisikiliza. Malodi walikubali mwaka 1999, kwa mashauri ya sheria ya umma, kwamba hilo linawezekana pakiwa na sababu nzuri. Sioni kwa nini madai ya kawaida yasipate nafasi hiyo.

Mlango wa namna hiyo ukiwa wazi, mambo hutokea. Mwaka 1962 Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyehukumiwa bila wakili kwa sababu hakuwa na fedha za kumlipa, aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli, kwenye karatasi za gereza. Kanuni za mahakama ziliruhusu fukara kuomba hivyo bila ada, na karatasi zake zikasomwa. Machi 1963 majaji wote tisa wakatamka kwamba jimbo haliwezi kumfunga fukara kwa kosa kubwa bila kumpa wakili, wakautupa uamuzi wao wenyewe wa mwaka 1942. Agosti mwaka huo Gideon alishitakiwa upya kwa kosa lilelile, safari hii akiwa na wakili pembeni yake. Jopo la raia lilimwona hana hatia.